Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Vikao vinne vimefanyika, maktaba imepangwa upya, na maonyesho ya picha za Pacific Electric, zile treni nyekundu za umeme za Los Angeles, yamefanyika. Hayo mnayajua, mliohudhuria. Kikao cha mwisho tulikuwa 9 kati ya 46, na mmoja alifuata ufunguo wa maktaba tu. Ada wamelipa 17.

Nije kwenye picha namba 9. Ni ile ya mwaka 1956: mabehewa yamerundikwa moja juu ya jingine kwenye vyuma chakavu vya Terminal Island, kisiwa cha bandari ya Los Angeles. Chini yake paliandikwa, "Yaliuawa na watengenezaji wa magari." Maneno hayo niliyafuta mimi, usiku wa kuamkia ufunguzi. Nimeitwa dikteta, na walioniita hivyo wengi wao hawamo kwenye wale 17.

Henry Huntington alianzisha reli hiyo mwaka 1901, na faida yake ilikuwa kwenye viwanja. Treni ilifika Long Beach mwaka 1902, ardhi ikapanda bei, hasara ya nauli ikafidiwa huko. Mtandao ukapita kilomita 1,600. Viwanja vilipokwisha kuuzwa, nani angefidia? Miaka ya 1920 magari ya watu binafsi yalishajaa kwenye makutano, na treni ikawa inakwama nayo. Vita vya Pili viliirudishia abiria kwa muda, petroli ilipokuwa ya mgao. Mwaka 1953 huduma ya abiria ikauzwa kwa kampuni ya mabasi, mwaka 1955 handaki la Hollywood likafungwa, na Aprili 1961 njia ya Long Beach, iliyotangulia zote, ikafa ya mwisho.

Kutetea maneno yale, mnanitajia hukumu ya mahakama ya mwaka 1949. Naijua. General Motors, watengenezaji wa magari, na wenzake walitiwa hatiani kwa njama ya kuhodhi biashara ya kuwauzia mabasi na vipuri National City Lines, kampuni ya usafiri wa mijini, na kampuni zake tanzu. Lakini hao National City Lines, mwaka 1945, walichukua Los Angeles Railway, kampuni nyingine ya reli, yenye mabehewa ya manjano. Picha yetu ni ya mekundu! Nilitumia wiki tatu kulithibitisha hilo, bila posho.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaonyesha reli iliyorudi kwenye njia hiyohiyo ya Long Beach mwaka 1990. Fedha zitatafutwa. Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti