KCSE haipimi uandishi wa kitaaluma

Mhariri,

Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya, humtaka mtahiniwa aandike insha tatu kwa saa mbili na nusu, kila moja alama 20: moja ya kubuni, mbili kuhusu vitabu teule. Karatasi ya pili hupima ufahamu na sarufi, pamoja na fasihi. Hakuna mahali anapopewa makala mbili zinazopingana, azilinganishe, kisha atetee msimamo wake.

Mimi hufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Wengi sarufi wanaijua. Sentensi zao zimenyooka. Lakini waambie waunganishe hoja za waandishi wawili, watanakili aya nzima, wabadilishe neno hapa na pale, na jina la mwandishi hawalitaji. Si uvivu, na inaniuma wanapoitwa wezi wa maandishi. Hawajafundishwa jambo hilo kwa sababu halitahiniwi.

Mtaala mpya wa umilisi, unaozingatia kile mwanafunzi anachoweza kufanya, tayari unaruhusu tathmini za shuleni. Naliomba Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) liingize humo kazi moja ya kulinganisha makala na kutetea msimamo, hata ya kurasa mbili, na mwalimu asahihishe hoja kabla ya kuhesabu makosa ya tahajia.

Mhadhiri,
Eldoret