Barua kwa mwanangu: sanduku la picha za nyanyako

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila joto tu. Ujumbe wako nimeusoma: wataka nikutilie sanduku la picha za marehemu nyanyako kwenye basi la usiku, ulipokee Nairobi asubuhi, uziskani zote na kuzipanga kwa miaka. Sanduku litakuja, lakini si sasa, na si kwa basi.

Kuhusu hali ya hewa, una haki. Picha na pwani havipatani. Hapa Kibokoni, Mombasa, unyevu hauishi ukutani, upepo unaingia na chumvi yake, na masika yakishuka, Aprili na Mei, kuvu huota hata kwenye viatu. Picha ya zamani imepakwa jelatini juu, na jelatini ni chakula cha kuvu na cha vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyotimua mbio ukifungua kitabu. Nairobi kuna baridi na ukavu, zitaishi zaidi kwako kuliko kwangu. Hilo sibishani nawe.

Lakini anayezijua hizo sura yuko huku. Katika kizazi chao amebaki nyanyako mdogo, mdogo wake marehemu, peke yake, na macho yameshaanza mtoto wa jicho. Juzi nilimpelekea ile picha ya wasichana waliosimama ngazini, mmoja kaugeuza uso pembeni. Mimi namjua mamangu tu. Yeye aliisogeza puani, akaitupa mapajani, haoni. Nikaipiga kwa simu nikamkuzia uso mmoja mmoja, akawataja wote, na aliyeolewa Lamu, na aliyefia uzazini. Yule wa pembeni, akasema, alikuwa katoboa masikio na yamevimba, hakutaka yaonekane. Akacheka mpaka akakohoa. Hebu niambie, skana yako ingekwambia hayo?

Kwa hivyo tutaanza na yeye. Simu inatosha kwa kazi hiyo: weka picha kivulini karibu na dirisha, simu iwe sambamba nayo, usiwashe taa yake maana picha zinazong'aa hurudisha mwanga. Mrekodi anavyozungumza. Usimkatize kumuuliza mwaka. Miaka haikumbuki, anakumbuka nani alikuwa na mimba na nani alikuwa hajarudi Hija.

Na hilo la kupanga kwa miaka liache kabisa. Nyanyako alizitia kwenye bahasha kwa nyumba: ya Kibokoni, ya Kuze, ya ndugu waliohamia Malindi. Ndani ya bahasha moja utakuta ya kijivu yenye kingo zilizokatwa menomeno, na chini yake ya rangi iliyogeuka wekundu, kama zilivyogeuka nyingi za miaka ya 1970. Utaona ni fujo. Lakini wale ambao hata nyanyako mdogo hatawajua, tutawajua kwa bahasha waliyokaa. Ukizimwaga zote mezani, hao umewapoteza. Ipe kila bahasha nambari, na kila picha nambari ndani ya bahasha yake, na faili kwenye kompyuta lipewe nambari hiyohiyo. Miaka utaiandika kando tu.

Tena miaka mingine imo kwenye picha zenyewe. Geuza nyuma utazame mhuri. Ukiona wa studio ya Parekh, ujue ni Mombasa hii hii, katikati ya karne iliyopita, siku ambazo mtu alijipamba kwenda studio kama aendaye harusini. Zile zenye pazia lililochorwa meli na ndege ni za vibanda vya Likoni, kivukoni, miaka ya 1990. Mamako yumo, usinicheke.

Usiandike nyuma kwa kalamu ya wino. Wino hupenya, na kalamu ikikandamizwa huacha mfuo upande wa sura. Tumia penseli laini, 2B, pembeni, picha ikiwa imelala peke yake juu ya kitu kigumu. Za siku hizi mgongo wake ni kama plastiki na penseli haishiki, hizo andika kwenye bahasha.

Ile albamu ya kurasa za gundi ndiyo inayonikera. Tuliiona ya kisasa wakati huo, na sasa gundi imegeuka manjano na inazila picha taratibu. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole. Ikikataa, usiivute, iskani ikiwa palepale. Yenye kuvu usiipanguse kwa kitambaa kibichi: iache ikauke kivulini kwenye upepo, kisha ipige brashi laini nje ya nyumba, na ufunge pua.

Ukifika kwenye kuskani, nukta 600 kwa inchi zatosha. Zile ndogo za pasipoti ziongeze ziwe 1200. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na JPEG, faili dogo lililobanwa, iwe ya kugawia watu. Nakala moja iwe kwako, moja kwangu, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. WhatsApp si hifadhi, inazibana picha.

Mjomba wako anataka ya babake aitundike sebuleni. Mirathi tuligawa kila mtu fungu lake, lakini picha haina mafungu. Mchapishie nakala kubwa, nzuri, aitundike juani apendavyo, na yenyewe irudi gizani kwenye bahasha yake.

Kuna bahasha moja iliyofungwa kwa utepe, hiyo usiifungue. Ni picha za harusi, za ndani, wanawake bila buibui, nywele wazi. Walikubali kupigwa wakijua zitaonwa na wanawake wenzao. Wengi wao wameshatangulia, hatuna wa kumuomba ruhusa. Hizo ataziskani mkeo, zikae kwenye diski yake, na kwenye kundi la familia isiingie hata moja. Shangazi zako wakiziomba, waje nyumbani wazione.

Basi njoo Januari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna. Njoo na penseli, na bahasha za karatasi isiyo na asidi ukizipata huko, maana madukani hapa naonyeshwa za plastiki tu. Tukimaliza na nyanyako mdogo, tutakupeleka stesheni ya Miritini upande treni, na sanduku ulipakate mwenyewe.

Nisalimie mkeo na watoto.

Mamako