Barua kwa kundi la mtaa wetu: nani alimuua Gabbar?

Ngamiani, Tanga

Wanangu, wajukuu zangu, na nyie wenzangu wachache wa rika langu mnaosoma kila kitu bila kujibu: asalaam aleykum, na kwa wasiosalimiana hivyo, habari za tangu juzi.

Kundi nimelifunga tangu Jumatatu usiku. Nimeweka waandike maadmini peke yao, na admini aliyebaki ni mimi, maana mwenzangu alijitoa saa nne na robo akatuachia stika ya mlango unaobamizwa. Najua mnasema babu kageuka Bodi ya Filamu. Skrinishoti nimeletewa. Barua hii naituma humu na nyingine naibandika pale kwa muuza kahawa, kwa kuwa wapo waliojitoa na yanawahusu vilevile.

Nianze na ugomvi wenyewe, maana nusu yenu mliingia katikati mkashika upande bila kujua ulianzia wapi. Ulianza na picha ya Kihindi. Bwana mmoja wa rika langu, fundi cherehani, aliandika kwamba kwenye Sholay yule Thakur anamuua jambazi Gabbar kwa miguu, kwa viatu vya misumari, kwa sababu Gabbar alishamkata mikono yote miwili. Kijana wa duka la vipuri akajibu kwamba polisi wanawahi, Gabbar anachukuliwa mzima. Hapo bado alikuwa anaandika “mzee wangu”. Kufika ujumbe wa ishirini ikawa “mzee”. Wa arobaini, “wewe”. Nimehesabu, kwa sababu nilikuwa na mafua na sikuwa na kazi nyingine.

Kisha Sholay ikasahaulika. Ukaingia umri wa mtu, ikaingia shule aliyosoma au asiyosoma, ikaingia simu ya nani ni ya kichina. Mwisho akaingizwa mama wa mtu, ambaye Sholay hajawahi kuiona na simu janja hana, na ambaye wengi wenu mlifuturu kwake Ramadhani iliyopita. Hapo nikafuta. Nilifuta ujumbe ule wa mama, na kwa kuwa kidole cha mzee kina papara, nikafuta na mingine sita iliyokuwa jirani yake. Mmoja ulikuwa wa fundi cherehani, hauna tusi hata moja. Alikuwa anaeleza kwa utaratibu usiku alioiona picha ile, alikuwa na nani, na mkanda wa video waliuazima wapi. Sikusema kitu. Nikazima data, nikalala. Asubuhi ndipo nikakuta mmegawanyika mapande mawili na mimi ndiye dikteta.

Sasa kuhusu Gabbar. Wote wawili wamesema kweli.

Sholay ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, wakati nchi ile ikiwa chini ya hali ya hatari aliyoitangaza Indira Gandhi mwezi Juni. Ramesh Sippy, mwongozaji, alikuwa ameshapiga mwisho alioutaka: Thakur anamkanyagakanyaga adui yake mpaka anakufa, kisha analia. Wakaguzi wakagoma. Thakur ni polisi wa zamani, wakasema, na polisi hawezi kujichukulia sheria mkononi huku watu wanapiga makofi. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi waingie dakika za mwisho wamzuie. Huo ndio uliozunguka kwenye majumba ya senema. Ule wa kwanza haukufa: baada ya miaka ulipenya kwenye mikanda ya video, na mwaka 2025 picha hiyo iliposafishwa upya ikaonyeshwa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa asili. Fundi wetu aliona mkanda wa video. Kijana wetu aliona kwenye simu nakala iliyotokana na senema. Watu wawili wa barabara moja wamevunjiana heshima kwa sababu ya mkasi wa mwaka 1975 ambao hakuna aliyewaambia kama ulipita.

Mkasi huo naujua kwa vidole. Kabla sijawa babu wa kundi nilikuwa fundi mashine kwenye senema moja hapahapa Tanga, na picha zilikuwa zinatufikia kwenye makopo ya bati, zimeshazunguka miji mingine mpaka zimechoka. Mkanda uliokatwa huutambui kwa macho. Unapitisha ukingo wake kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, na pale palipounganishwa kwa gundi unasikia kama kovu. Makovu mengine ni ya mkanda kukatika wenyewe kwenye mashine ya mwenzako. Mengine yamenyooka mno, ukiyagusa unajua hapa alikaa mtu mezani akaamua. Ukumbini hayo hawayajui. Wanaona steringi anapandisha ngazi na bastola, mara yuko shambani anaimba. Miluzi! “Fundi kakata! Fundi mwizi!” Nimetukanwa miaka na miaka kwa mkasi ambao sikuushika.

Sisemi kila kilichokatwa kilikuwa cha haki kuonyeshwa. Nchi yetu ilikuwa na sheria yake ya filamu na michezo ya kuigiza, ya mwaka 1976, na wakaguzi walikuwepo hata enzi za Mwingereza. Ninachokumbuka mimi ni ule mlango wa senema. Palibandikwa bango, palibandikwa bei ya viti vya chini na vya juu, lakini sikuwahi kuona karatasi iliyosema humu zimetolewa dakika tatu, kwa sababu fulani. Mtu alilipa, akatoka akiapa ameiona picha nzima.

Na mimi Jumatatu nimewafanyia yaleyale. Simu angalau ina adabu kuliko mimi: tangu WhatsApp ilipowapa maadmini uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine, mwaka 2022, inaacha pale alama kwamba admini ameufuta. Lakini alama haisemi kilikuwa nini. Ndiyo maana kufika asubuhi kila mmoja alikuwa amejaza pengo kwa alichokitaka. Nimesikia eti fundi cherehani alitukana kabila la watu. Hakutukana. Fundi, mbele ya hawa wote, niwie radhi ndugu yangu.

Mmoja wenu aliuliza kwa nini tusiwaachie wenye mtandao wafute wenyewe. Humu hawawezi. Mazungumzo haya yamefungwa kwa kufuli la kidijitali tangu 2016, hata wenyewe hawayasomi labda mmoja wetu apeleke malalamiko. Na kule Facebook ambako wanasoma, msidhani ni mashine tu inayofuta. Nairobi walikaa vijana wa umri wenu, zamu kwa zamu, wanatazama watu wakichinjwa na watoto wakidhalilishwa ili nyie mkifungua simu mkute harusi na mapishi. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Meta, wenye Facebook, na kampuni iliyomwajiri katika mahakama za Kenya kwa yaliyompata akilini kwa kazi ile. Mwaka uliofuata wakajitokeza wengine zaidi ya 180 na kesi yao, na siku ya Mei Mosi 2023 zaidi ya 150 wakakutana hapohapo Nairobi wakaamua kuunda chama cha wafanyakazi. Nilipoyajua haya niliwakumbuka wale waliokuwa wakinipigia miluzi. Hata kufuta kwa kompyuta kuna mtu nyuma yake amekaa mezani, naye hamuoni ukumbi wala ukumbi haumuoni.

Basi nawaambia nitakavyofanya, mnipinge kabla sijafungua kundi. Nikifuta, nitaandika papo hapo: nimefuta ujumbe wa fulani, una tusi la mzazi. Basi. Mwenye ujumbe akiona nimemwonea aje barazani kwangu baada ya alasiri, na nikikosea nitamrudishia nafasi yake kwa maneno yangu mwenyewe humuhumu. Vitu nitakavyofuta bila kuwauliza ni matusi ya wazazi wa watu, picha za maiti wa ajali (mtu asijue msiba wa ndugu yake kwa kundi la mtaa, ilishatokea, mnajua nyumba ipi), na picha za wasichana zilizotumwa na waliowaacha. Ubishi sitaufuta. Hata ukinichosha.

Maana ubishi wa ladha ni mali yetu tangu zamani. Baba zenu walibishana bendi za dansi, Msondo na Sikinde, mpaka kahawa ikapoa. Mlimani Park, ndiyo Sikinde yenyewe, ilipozaliwa 1978, Msondo ilikuwa bado Juwata Jazz, na kabla ya hapo Nuta, na mpaka leo ukitaka kumuudhi mzee wa miaka sabini mwambie upande wake haukuwa na wapiga tarumbeta. Hakuna aliyeshinda. Kwa hiyo nyie wa tamthilia za Kikorea na nyie wa Bongo movie endeleeni, ila acheni kumwambia mwenzenu hana akili kwa sababu amelia kwenye picha ambayo wewe ulisinzia. Mimi nimelia kwenye picha mbovu nyingi sana, nikiwa peke yangu na mashine.

Lile la AI iitwe akili mnemba au akili unde, mlilobishania siku mbili, ningesema tumieni mnalopenda, wote tumeelewa. Na zile sauti zinazokuja na mishale miwili ya kutumwa mara nyingi, za dawa ya sukari na za dunia kuisha Alhamisi: WhatsApp ilizibana tangu 2020, unaweza kuzipeleka kundi moja tu kwa mara moja. Naomba kundi hilo moja lisiwe letu.

Admini mwenzangu, rudi. Stika yako tumeiona, ilikuwa nzuri. Siwezi kazi hii peke yangu, na wewe kidole chako kinalenga.

Kundi nitalifungua Ijumaa baada ya isha. Jumamosi njooni barazani kwangu na mikeka yenu. Mjukuu wangu amepata Sholay zote mbili kwenye laputopu, na projekta tunaazimiwa na madrasa. Ni zaidi ya saa tatu, kwa hiyo tutaiona moja nzima, halafu ya pili tutaona mwisho tu. Kahawa ipo, kashata kila mtu aje na zake. Shuka la kuonyeshea ni langu, lakini ukuta hauna misumari: fundi cherehani atashika pembe moja, kijana wa vipuri ashike nyingine.

Babu yenu,
admini