Kabalega si mali ya kabila moja: barua kwa vijana wa Bweyale na Kigumba

Wanangu, wajukuu zangu,

Salaam kwenu nyote. Nimeletewa habari kwamba maandalizi yenu ya Siku ya Mashujaa yamekwama. Wanyoro wamesema Kabalega, yule mfalme wa zamani wa Bunyoro hapa Uganda, ni wao, wengine wakae pembeni wapige makofi. Walango na Waacholi wamejibu kwamba, kama ni hivyo, hawachangi hata shilingi. Na kuna mmoja aliyesimama mbele za watu akawaita Wapalwo wajukuu wa wasaliti. Haya yanatokea katika mji ambao mtu akienda sokoni kununua nyanya haulizi muuzaji ni kabila gani; wanasalimiana kwa Kiswahili, wanapatana bei, basi. Nimeona nisinyamaze.

Huyo mnayemgombania, Omukama (yaani mfalme) Chwa II Kabalega, alipata kiti kwa kupigana na ndugu yake mwenyewe. Baba yao Kamurasi alipofariki mwaka 1869, wengi wa ukoo wa kifalme, Babito, walisimama na Kabigumire. Kabalega alisimama na watu wa kawaida, na wapiganaji waliotoka nje ya Bunyoro, Walango wakiwemo. Akashinda. Naomba mtulie hapo kidogo. Alikuwa kijana, umri wake haukuwa mbali na wenu, na tayari alikuwa ameona kwamba damu moja haimzuii mtu kukugeuka, na kwamba mtu wa lugha nyingine anaweza kufa akikutetea.

Ndiyo maana alipounda Abarusura, jeshi lake, hakuuliza ukoo. Zamani Omukama akitaka vita alingoja wakuu wa majimbo wamletee watu, wakikasirika, hawaleti. Kabalega akaweka jeshi la kudumu lililomtii yeye. Waliingia Wanyoro, Walango, Waacholi, Waalur, Wamadi, hata askari waliotoroka vikosi vya Misri vya upande wa Sudani. Rwabudongo, jemadari wake mkubwa, alipanda kwa uwezo wake vitani. Bunduki zilinunuliwa kwa pembe za ndovu, nyingine kutoka kwa wafanyabiashara wa kaskazini, nyingine kutoka kwa wale wa Zanzibar, ambao lugha yao ndiyo hii ninayowaandikia.

Sisemi Abarusura walikuwa malaika. Walikula vya raia, na majirani wa Toro wana simulizi zao kuhusu walivyovamiwa. Mkiwafuta Watoro katika hadithi hii mtakuwa mnadanganya. Lakini mtu aliyeweza kuwaweka makabila hayo yote chini ya amri moja, miaka kadhaa kabla Mwingereza hajachora mpaka wa Uganda, anastahili kusomwa kwa makini kuliko tunavyomsoma.

Mwingereza Samuel Baker alifika Masindi, Bunyoro, mwaka 1872 kwa niaba ya mtawala wa Misri. Tarehe 14 Mei akapandisha bendera na kutangaza kwamba Bunyoro sasa ni ya Misri, kana kwamba nchi haikuwa na mwenyewe. Mwezi mmoja baadaye alikuwa anakimbia, kituo chake amekichoma kwa mikono yake, na njia nzima hadi Nile mikuki ikimrukia kutoka kwenye nyasi ndefu asipoweza kumwona arushaye. Huko Foweira, kando ya Nile, akamkuta Rionga, mkuu wa Wapalwo na mtu wa ukoo huohuo wa kifalme, adui wa Kamurasi tangu zamani, akampa mamlaka ya kutawala kwa jina la Misri.

Hapo ndipo linapotoka tusi mliloanza kutupiana. Sikilizeni. Rionga alikuwa na ugomvi wake na Kamurasi hata kabla Baker hajaikanyaga nchi hii. Mgeni hakuuleta ugomvi huo, aliukuta, akautumia. Mtoto wa Kipalwo anayeendesha bodaboda pale stendi hana deni lolote la mwaka 1872. Aliyetoa tusi hilo aende kwa wenzake akaombe radhi, na asingoje kusukumwa.

Mwishoni mwa 1893 alikuja Colvile, afisa wa Kiingereza, safari hii na askari wa Kisudani na maelfu ya Waganda chini ya Semei Kakungulu. Zikajengwa ngome, ng'ombe wakachukuliwa, mashamba yakateketezwa, njaa ikaingia. Majimbo ya kusini yakapewa Buganda, na mawili tu, Buyaga na Bugangaizi, ndiyo yaliyorudi baada ya kura ya mwaka 1964. Hayo mnayajua.

Msilolijua vizuri ni ng'ambo ya mto. Kabalega alivuka Nile akapigana miaka mingine, hadi 1899, akiwa na nini? Si kwa chakula cha Hoima. Alilishwa, akafichwa, akapewa njia na Walango, ambao hawakuwa na wajibu wowote wa kufia kiti cha Bunyoro. Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda aliyepigana naye zamani, alipoasi Waingereza akamfuata huko, na wafalme wawili waliokuwa mahasimu wakakaa kambi moja. Walikamatwa pamoja tarehe 9 Aprili 1899 karibu na Kangai, katika Dokolo ya leo. Risasi ilimvunja Kabalega mkono, ukakatwa. Wakapelekwa Kisimayu, kisha Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki Jinja akiwa njiani kwenda kwao. Amelala Mparo, karibu na Hoima.

Sasa mwambieni Mlango akae pembeni apige makofi!

Nataka mfanye hivi. Kamati irudi mezani nzima, pamoja na waliosusa. Siku yenyewe, mzungumzaji wa kwanza awe mzee wa Kilango atakayeeleza habari za Kangai kama alivyozipokea kwa wazee wake; Wanyoro watafuata, nao wamsikilize kwanza. Mpalwo asimame aeleze habari za Rionga bila kuzomewa. Waganda wenye maduka hapa waalikwe, maana Mwanga ni sehemu ya habari hii, na Kakungulu pia; wasifichwe wala wasitukanwe. Ngoma ziwe zote. Na wakimbizi wa Kiryandongo, walioikimbia vita ya kwao, msiwaache nje ya uzio wa sherehe.

Mchango uliokwisha kukusanywa usomwe mbele ya wote, jina kwa jina, kabla ya kikao kingine. Nasikia manung'uniko mengi yalianzia hapo, na sishangai. Mkinihitaji kwenye kikao hicho nitakuja, nitakaa popote mtakaponiweka.

Mzee wenu,
Kigumba