Kidonge cha mapafu hakifai kwa ubongo

Ndugu Mhariri,

Mgonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, akiambiwa uvimbe wake una EGFR nyingi, yaani kipokezi cha ujumbe wa ukuaji wa seli, hakosi mtu wa kumshauri atafute erlotinibu au gefitinibu, vidonge vya saratani ya mapafu. Jina la kipokezi ni lilelile, lakini kilichoharibika ni kingine.

EGFR imepenya utando wa seli: upande wa nje hudaka ujumbe wa ukuaji, upande wa ndani huupitisha. Kwenye mapafu hitilafu hukaa ndani, hasa eksoni (vipande vya jeni) 19 na 21, na ndipo dawa inaposhika. Kwenye glioblastoma huharibika upande wa nje. EGFRvIII, aina ya EGFR iliyoharibika inayojulikana zaidi, imepoteza eksoni 2 hadi 7, yaani asidi amino (matofali ya protini) 267. Haina tena pa kudakia ujumbe, lakini inaamrisha seli igawanyike mchana na usiku. Ni bomba lililong'oka koki. Umbo hilo vidonge hivyo hulishika kwa shida, na kuta za mishipa ya damu ya ubongo nazo zina pampu zinazorudisha dawa nyuma.

Kubwa zaidi ni hili: nakala za ziada za jeni hii mara nyingi haziko kwenye kromosomu, bali huelea kama vipete vya DNA. Seli ikigawanyika, vipete havigawanywi kwa haki. Seli moja hubeba lundo, mwenzake vichache. Dawa ikiua zenye lundo, zenye vichache ndizo zinazorithi uvimbe. Chanjo ya rindopepimuti, iliyolenga EGFRvIII, ilishindwa mwaka 2016 kurefusha maisha. Uvimbe uliporudi, wengi walikuwa wameshaipoteza EGFRvIII, hata katika kundi lisilopewa chanjo.

Kupima EGFR si kazi bure, ila kazi yake ni kuutaja ugonjwa. Kwa mwongozo wa WHO wa 2021, astrositoma (uvimbe wa seli tegemezi za ubongo) ya mtu mzima isiyo na mabadiliko ya jeni ya IDH, ikiwa na lundo la nakala za EGFR, ni glioblastoma daraja la 4, kali kuliko yote, hata kama kwenye hadubini inaonekana tulivu. Hapo tiba hubadilika: mionzi grei (kipimo cha mionzi) 60 kwa vipindi 30 pamoja na temozolomaidi, dawa ya kemikali ya saratani, miligramu 75 kwa kila mita mraba ya mwili kila siku, kisha 150 hadi 200 kwa siku 5 katika kila siku 28, kwa kawaida mizunguko 6. Pesa zikiwa chache, ni heri kipimo cha IDH kwanza, kisha cha jeni ya MGMT, ambacho hudokeza nani atanufaika zaidi na temozolomaidi.

Vipimo vyote hivyo hutegemea kinyama cha uvimbe kilichotoka chumba cha upasuaji. Kiwekwe kwenye formalini (kimiminika cha kuhifadhia) ya asilimia 10 iliyorekebishwa tindikali, ujazo mara kumi ya kinyama, na kisipitishe siku 3. Kikisahaulika wiki kadhaa kabatini, DNA hukatikakatika na maabara hujibu kwamba haikupata kitu.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam