Maandalizi ya wageni wa msimu wa uwindaji, Pori la Akiba Rungwa

Habari zenu wandugu. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, kwa hiyo tuwaambie wageni mambo haya kabla hawajapanda ndege.

Bunduki iwe na vibali vyake, namba zilingane na karatasi. Kwa nyati na simba, isipungue kaliba .375. Nguo za mabakabaka ya kijeshi wasije nazo kabisa, ni kosa kisheria. Nyeusi na bluu pia waache, mbung'o wanazipenda mno, kaki inatosha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, waiache kwao.

Porini hakuna kupiga mnyama kutoka kwenye gari wala usiku, na jike mwenye mtoto haguswi. Simba wa kupigwa ni dume aliyefika miaka 6. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, akisema "bado mdogo," bunduki inashushwa, hata mgeni awe amelipa kiasi gani. Hapo sina mjadala.

Mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa na analipiwa. Tutamfuata kwa damu na nyayo mpaka apatikane; kumwacha ateseke ni ukatili. Askari wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, awepo kila mnapotoka.

Madereva, nileteeni orodha ya vipuri kesho jioni.