Kuhusu baiskeli yako

Rongai, Agosti 19

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kama mchanga wa bahari sikuletei, mchanga unao mwenyewe huko Nyali. Mimi nilicho nacho ni vumbi la Naivasha, na mpaka leo nikipenga kamasi bado linatoka. Sisi hatujambo. Watoto wazima, Baba Pendo mzima isipokuwa goti. Mgonjwa ni baiskeli yako, na ndiyo sababu ya barua hii. Nimeona uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa shemeji yako, maana kila akiisimulia hadithi hii anaongeza chumvi.

Ulipohama uliniambia nisiifungie stoo. Basi sikuifungia. Likizo hii tulikwenda kupiga kambi Hell's Gate, ile hifadhi ya wanyama ya Naivasha, familia nne, na baiskeli tisa zimefungwa juu ya matatu ya kukodi kama mzigo wa kuku. Tulipiga mahema Ol Dubai, upande wa kusini wa korongo, mahali ambapo ukifungua zipu ya hema asubuhi unakutana na majabali mekundu ng'ambo. Baridi ya Agosti ya kule unaijua. Pendo alilala na soksi mbili na jaketi, na usiku wa manane akaniamsha kuniuliza kama kwa Mama Neema pia kuna baridi. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Jumamosi tulitembea tu. Tuliwapeleka watoto Olkaria, kunakozalishwa umeme wa mvuke wa ardhini, kuona mvuke na yale mabomba makubwa, yalivyoinuliwa sehemu nyingine kama lango ili twiga wapite chini. Walilalamika harufu ya mayai viza njia nzima. Kurudi tukapumzika kwenye lile jabali la Fischer, wakafukuzana na pimbi, na mzee aliyekuwa akituongoza akatusimulia hadithi ya Wamaasai: jabali lile ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Alikatazwa kugeuka nyuma kuangalia kwao, akageuka, akawa jiwe. Hiyo ishike, nitairudia.

Usiku nyama ikiwa jikoni wanaume wakaanza kubishana nani ana mapafu. Unawajua. Kufika saa nne mashindano yalikuwa yamekwisha pangwa: Jumapili saa moja asubuhi, raundi mbili za Buffalo Circuit, ile barabara ya mzunguko ya hifadhini, ukikutana na nyati unasimama, na wa mwisho ndiye atakayechemsha chai ya kambi nzima. Nikauliza, "Na sisi?" Baba Pendo akajibu bila hata kuniangalia kwamba mtu wa chai alikuwa amekwisha patikana. Mama Neema, sikulala. Nilitoka na tochi nikaitia mafuta cheni yako.

Asubuhi tulimweleza askari wa hifadhi. Akasema hana neno, mradi tusitoke kwenye barabara na mtu yeyote asishuke korongoni. Yale maji ya ghafla ya Septemba 2019 yaliua watu saba mle ndani, kwa hiyo jambo hilo hawalifanyii mzaha.

Tukaondoka tisa, wanawake wawili. Vumbi la kule si vumbi la Rongai. Ni majivu ya volkano, laini kama unga wa dona, na kwenye kona gurudumu linazama hadi unahisi umeshikwa mguu. Nilikumbuka mafundisho yako: punguza upepo kwenye tairi, kaa nyuma ya kiti, breki ya mbele iguse kama unagusa sufuria ya moto. Wenzangu waliojaza upepo mpaka tairi zikawa mawe walikuwa wakiteleza huku na huku. Baba Pendo alianguka kona ya pili. Nilimpita. Nilimuuliza kama yuko sawa, lakini kusema kweli sikusimama.

Raundi ya kwanza nikawa wa tano, kifua kinawaka. Usisahau pale ni zaidi ya mita 1,900, na mimi mazoezi yangu ni kupanda ngazi za ofisi. Pundamilia walitutazama kama wapita njia wanavyowatazama watu wanaogombana. Raundi ya pili nikawa wa tatu. Wa tatu, mimi! Na hapo ndipo nilipogeuka nyuma kuona nani ananifuata.

Sikuwa jiwe, lakini nilitoka kidogo tu pembeni, nikapita juu ya tawi kavu la leleshwa. Likaruka, likaingia kwenye spoki za nyuma. Nikasikia *kwa!* na pedali zikagoma. Kushuka, naona gia yako ya nyuma inaning'inia kwa waya wake kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Kilichovunjika ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoishikilia gia kwenye fremu. Uliwahi kuniambia kimetengenezwa kiwe laini makusudi, ili kivunjike chenyewe na fremu ipone. Fremu imepona. Nimeikagua kwa kucha, sentimita kwa sentimita, haina ufa.

Nilikaa chini nikafungua kile kimfuko chako cha chini ya kiti, ambacho nilikuwa nikikicheka kwamba ni kabati la fundi. Nikatoa kifaa cha kukatia cheni. Gia nikaifungua kwenye waya nikaitia mfukoni. Kisha nikapitisha cheni kwenye meno ya katikati mbele na ya katikati nyuma ili inyooke, nikakata pingili za ziada, nikaiunga. Mara ya kwanza nilikata ndefu, ikalegea ikatoka. Mara ya pili pini ikaninyima raha, nikaisukuma nikiwa nimeuma ulimi. Wanne walinipita. Mmoja akaniuliza kama nataka lifti ya kubebwa na pikipiki ya askari. Nikamwambia aende zake.

Nilimaliza wa saba, kwa gia moja, kile kilima cha kurudi kambini nikisimama juu ya pedali na kuita majina ya mababu. Nyuma yangu alikuwepo mwenzetu aliyepata pancha tatu za miiba ya migunga, na nyuma yake kabisa, akichechemea na kusukuma, shemeji yako Baba Pendo. Chai aliichemsha yeye. Aliweka majani mengi mno na tangawizi akaisahau, lakini niliinywa vikombe viwili.

Sasa shida. Fundi wetu wa hapa stendi anasema kila fremu ina kipande chake, na cha yako hajawahi kukiona. Nakumbuka ulikuwa na cha akiba kwenye lile kopo la biskuti, pamoja na vifungo na funguo zisizojulikana ni za mlango gani. Lifungue uangalie. Kina matundu mawili ya skrubu na moja kubwa chini. Ukikipata, kitume kwa basi, nitakichukua ofisini kwao mjini. Kama hukipati, niambie nikuchoree kile kilichovunjika uwaulize mafundi wa Mwembe Tayari.

Na usije ukasema nikurudishie baiskeli. Nikuulize kitu: Desemba mnakuja huku au la? Maana kwa mashindano ya pili wameshaanza kutamba, na safari hii wanataka wanawake waanze dakika kumi mbele. Mimi nimekataa hata dakika moja.

Wako,
Mama Pendo

N.B. Gia yenyewe iko hai. Nimeifunga kwa kitambaa, iko kwenye droo ya leso zangu.